Je, wajua kwa nini salamanda wana majina mawili ya kisayansi?

Kitabu kimoja cha biolojia kitakuambia salamanda, amfibia wenye mkia wanaofanana na mijusi, wamo katika oda (kundi kubwa lililo juu ya familia) ya Caudata. Kingine kitaiita oda hiyohiyo Urodela. Wanafunzi wengi hudhani kimoja kati ya vitabu hivyo kimekosea, kumbe vyote viwili viko sahihi.

Amfibia walio hai leo wana oda tatu. Vyura wamo katika Anura, yaani wasio na mkia. Sesilia, wasio na miguu, ambao wengi wao huishi udongoni kama minyoo wakubwa, wamo katika Gymnophiona. Waliobaki ni salamanda, zaidi ya spishi 800, ambao hubaki na mkia hata wakikomaa. Majina yao yote mawili yanataja mkia huo: Caudata kwa Kilatini, Urodela kwa Kigiriki.

Mwaka 1758 Carl Linnaeus, mwanasayansi Mswidi aliyeainisha viumbe, aliwaweka salamanda katika jenasi ya Lacerta, pamoja na mijusi. Kwa mbali wanafanana kweli: mwili mrefu, miguu minne, mkia. Lakini mtazame salamanda kwa karibu. Ngozi yake haina magamba, ni laini na ina unyevunyevu. Wengi wana vidole vinne tu miguu ya mbele, tena bila kucha. Yai lake halina ganda, limefunikwa na utando wa utelezi, na kwa spishi nyingi kinachotoka ndani yake ni buu wa majini mwenye matamvua yanayoning'inia pande mbili za kichwa. Ndugu yake wa karibu ni chura.

Duméril, mtaalamu wa wanyama Mfaransa, aliutambua undugu huo mwaka 1806, alipowaweka vyura na salamanda pamoja kisha kuwagawa katika wasio na mkia na wenye mkia. Urodela ilianzia hapo. Kuhusu Caudata, wataalamu bado wanabishana: wengine humtaja Scopoli wa mwaka 1777, wengine Fischer von Waldheim wa mwaka 1813.

Kwa nini basi jina moja halikufutwa? Kwa sababu kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, zinazolipa kipaumbele jina lililotangulia, zinasimamia spishi, jenasi na ngazi ya familia. Hazifiki kwenye oda. Huko juu hakuna wa kumlazimisha mwenzake, kila mtaalamu hutumia jina alilolizoea au analoona lina hoja nzuri zaidi.

Na visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, vimeyapa majina haya mawili kazi tofauti, jambo ninaloliona la maana kuliko ubishi wa nani alitangulia. Kazakhstan kulipatikana kisukuku cha Karaurus, mnyama aliyeishi mwishoni mwa kipindi cha Jurasiki, zama za dinosaria. Bila shaka yuko upande wa salamanda, lakini tawi lake lilijitenga kabla hajatokea mzazi wa salamanda wote tunaowajua leo. Kwa hiyo watafiti wengi wa visukuku hutumia Caudata kwa ukoo mzima, pamoja na matawi ya kale kama hilo, na Urodela kwa salamanda wa leo, mzazi wao wa pamoja na wazao wake wote. Kwa mpangilio huo Karaurus ni Caudata, lakini si Urodela. Anayesoma makala za visukuku aangalie kwanza mwandishi amekusudia maana ipi. Kwa mtihani wa kawaida wa darasani, majina yote mawili yanataja oda ileile.

Vipi kuhusu wale ambao Waingereza huwaita niuti? Hao si oda ya pekee. Ni kundi dogo, Pleurodelinae, ndani ya familia ya Salamandridae. Kila niuti ni salamanda, lakini si kila salamanda ni niuti. Mmoja wao anaishi Afrika: Pleurodeles waltl wa Morocco, ambaye pia yupo Hispania na Ureno. Akishikwa na adui, husukuma mbavu zake mpaka ncha zikatoboa ngozi yake mwenyewe na kumchoma aliyemshika.

Kusini mwa Sahara hakuna salamanda wa asili hata mmoja. Yule anayewinda wadudu ukutani kando ya taa ni mjusi kafiri, na huyo ni mtambaazi, si amfibia.