Kijerumani cha kwenye lebo: namna ninavyojua umri wa gauni

Kila nikiposti pamba za miaka ya 50 au 60 naulizwa swali lilelile, dada Kijerumani chako kimefika levo gani mpaka unaelewana na hao wauzaji, na mi huwa najibu kwamba levo za darasani hazinisaidii sana kwenye hii kazi. Darasani nilifundishwa kuagiza kahawa na kuandika barua ya kuomba nyumba ya kupanga, hakuna mwalimu aliyewahi kutaja EVP. Naishi Leipzig, nanunua nguo za zamani, nazitengeneza, nazivaa na kuziuza, na Kijerumani kinachonilisha ni kile kilichoshonwa ndani ya kola, maneno matatu manne tu, tena mara nyingi yameshafifia kwa kufuliwa.

Chukua hili gauni lililoko mezani sasa hivi. La kijani, mikono mifupi, zipu ya chuma ubavuni, kiuno kimebana, ukilitazama haraka unasema hilo ni 1955 kabisa. Sasa geuza kola. Kuna VEB halafu jina la kiwanda, na kikaratasi cha bei bado kinaning'inia na uzi wake, maana yake halijawahi kuvaliwa: EVP 74,50 MDN. VEB ni Volkseigener Betrieb, kiwanda cha umma, kwa hiyo tupo Ujerumani Mashariki, DDR. EVP ni bei ya dukani iliyopangwa na serikali, gauni hilohilo ungelikuta kwa bei hiyohiyo Rostock na Dresden, ndo maana waliweza kuichapa moja kwa moja bila wasiwasi. Ila dhahabu yenyewe ni zile herufi za mwisho. Pesa ya Mashariki iliitwa DM mpaka katikati ya 1964, ikaitwa MDN kuanzia Agosti 1964 mpaka mwisho wa 1967, na kuanzia 1968 ikawa M peke yake. Kwa hiyo hili gauni bei yake iliandikwa ndani ya dirisha la miaka mitatu na ushee, na hapo sijagusa zipu wala sijahesabu mishono!

Kuna na hii, ukikuta lebo ya DDR ambayo haina VEB, ina jina la ukoo wa mtu halafu KG, hiyo ni Kommanditgesellschaft, kampuni ya ubia ambayo bado ilikuwa na mkono wa mtu binafsi, na nyingi za aina hiyo zilichukuliwa na serikali 1972. Kwangu mi KG ya Mashariki ni kabla ya 1972 mpaka nionyeshwe vingine.

Vitambaa navyo vinaongea. Perlon ni naironi ya Kijerumani, aliitengeneza Paul Schlack 1938, na baada ya vita pande zote mbili waliendelea nayo mpaka Mashariki walipoibatiza ya kwao Dederon 1959, na jina hilo limetoka kwenye herufi zao wenyewe, D-D-R. Zile aproni za maua ambazo kila bibi wa huku alikuwa nazo ni Dederon. Halafu kuna Präsent 20, poliesta iliyotoka 1969 kusherehekea miaka 20 ya DDR, haikunji, haichuji, rangi zake kali mpaka leo, ila ivae siku ya joto ndani ya tramu ndo utajua hujui, jasho halina pa kutokea.

Upande wa Magharibi hakuna EVP, huko natazama anwani. Lebo za maduka na mafundi mara nyingi zina mji na namba ya posta, na namba za posta za huku zimebadilikabadilika. Ukiona 13b München ni kabla ya miaka ya 60. Ukiona 8 München, au tarakimu nne, ni kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 60 na kuendelea. Tarakimu tano zilianza Julai 1993, hiyo hata usiniletee. Na vile vichoro vya beseni la maji na pasi, mnavyoviona kwenye kila nguo siku hizi, chama kinachovisimamia Ulaya, GINETEX, kiliundwa Paris 1963, sasa mtu ananionyesha lebo ya beseni imeshonwa ndani ya mshono wa kiwandani halafu ananiambia 1950s, aisee.

Nikae kidogo kwenye lebo moja ambayo sitaki kuipita haraka. ADEFA. Kilikuwa chama cha watengeneza nguo kilichoanzishwa 1933, mara tu baada ya Wanazi kushika nchi, na kazi yake ilikuwa kuwafukuza Wayahudi kwenye biashara ya nguo, lebo yake ilikuwa inamwambia mnunuzi kwamba nguo hii haijapita mkono wa Myahudi kokote. Ukumbuke biashara ya nguo za kushonwa tayari Berlin, pale Hausvogteiplatz, ilijengwa kwa sehemu kubwa na familia za Kiyahudi kwa karibu miaka mia, leo ukitoka kwenye stesheni ya treni ya chini pale unakuta kumbukumbu yao ya vioo. Kuna wauzaji wanaandika ADEFA kama sifa, eti lebo adimu. Mi siivai, siuzi, na ukiipata nakushauri ongea na jumba la makumbusho.

Haya, kutafuta. Hapa ndo wengi mnapoteza hela. Mnaandika "vintage" kwenye Kleinanzeigen, mtandao wa matangazo ya kuuziana vitu, na mtu aliyeandika vintage kwenye tangazo lake tayari anajua thamani, bei imeshapanda. Andika Nachlass, vitu vya marehemu. Andika Haushaltsauflösung, nyumba inasafishwa yote. Andika Dachbodenfund, kilichokutwa darini, au andika tu Kleid von Oma, gauni la bibi. Hao wanataka kabati litoke kabla ya mwisho wa mwezi. Na ukitaka suti ya kike ya koti na sketi usiandike Anzug, hiyo ni ya kiume, andika Kostüm, ila jiandae kupitia na nguo za maharamia na za wachawi za watoto maana nazo ni Kostüm vilevile. Ukiona ungetragen nunua haraka, haijavaliwa. Wadau wa Karume na Gikomba mnaonitumia picha za lebo kutoka kwenye marobota ya mitumba ya Ujerumani, nyie hamna haja ya matangazo, nyie geuzeni kola tu, na naomba picha isiwe na ukungu.

Kuongea sasa. Kila Pentekoste hapa Leipzig kunakuwa na Wave-Gotik-Treffen, tamasha la wapenzi wa gothic, lipo tangu 1992, na Ijumaa yake watu wanajaa Clara-Zetkin-Park na magauni ya kizamani ya Kivictoria, miamvuli ya lesi, kofia ndefu, vikapu vya keki. Pale mtu akikupenda mavazi swali la kwanza ni "selbst genäht?", umeshona mwenyewe? Ukijibu ndiyo, kaa chini, hiyo ni saa nzima ya kola na vifungo. Kumsifia mtu usiseme passt, hiyo inahusu saizi tu, imekutosha basi. Sema "das steht dir", imekupendeza, na hakikisha ni dir siyo dich, watakuelewa hata ukikosea ila utasahihishwa na watu watatu kwa pamoja.

Pale bustanini kila mtu ni du, ile "wewe" ya kirafiki. Kwenye soko la vitu vya kale pale agra, uwanja wa maonyesho, ni habari nyingine, yule mzee mwenye meza ya makoti ni Sie, "wewe" ya heshima, mpaka yeye mwenyewe aseme tuitane du, na kabla hujauliza bei muulize kwanza koti lilikuwa la nani. Ukimuanza na du na "letzter Preis?", bei ya mwisho?, kwa pamoja, bei atakayokutajia ni ya mtalii.