Mtumishi hajui ya jikoni tu

Huku Iringa, ukitaja masimulizi ya waliotumikia nyumba kubwa, utaambiwa: "Hao wanajua ya jikoni tu, historia waulize wenye ukoo." Si kweli, na inaniuma, maana wazee hao wanaondoka bila kuulizwa.

Mtazame Mkwawa, mtwa, yaani mtawala, wa Wahehe. Ngome yake ya Kalenga ilianguka 1894, naye akaishi porini karibu miaka minne akiwindwa na Wajerumani. Julai 1898 alikuwa mahali paitwapo Mlambalasi, mgonjwa, ukoo umetawanyika. Aliyeeleza hali yake ni kijana mtumishi wake, aliyekamatwa na kikosi cha Merkl, sajenti wa Kijerumani, akakiongoza hadi kwa bwana wake. Walimkuta ameshajiua kwa risasi. Siku hizo za mwisho zilishuhudiwa na mtumishi.

Wengine hukataa ushuhuda mzima kwa sababu bibi aliyekuwa mtumishi hakumbuki mwaka. Muulize: fuvu la Mkwawa liliporudi Kalenga, ulikuwa umeshaanza kazi? Fuvu hilo, lililochukuliwa na Wajerumani, lilirudi Juni 1954, basi umepata mwaka wa kupimia. Kisha muulize kazi yenyewe: maji aliyateka wapi, debe ngapi kwa siku, wageni gani walipikiwa wali na gani ugali. Hapo mikono yake itaanza kuonyesha, kata inachota, debe linapanda kichwani, na majina ya wageni yatafuata.

Naye hukosea, na huficha, hasa mwenye nyumba akiwa amekaa pembeni. Mhoji peke yake, nyumbani kwake, kwa Kihehe kama ndiyo lugha ya ndoto zake.