Carpathia na hesabu ya noti 17

Kila inapotajwa Carpathia, hazikosi kutajwa noti 17, yaani mwendo wa maili 17 za baharini kwa saa. Meli ya kawaida ya kampuni ya Cunard, iliyoshushwa majini karibu na Newcastle mwaka 1902, injini zake zimezoea noti 14 hivi, eti usiku wa Aprili 15, 1912 ilikimbia kuliko siku zote za uhai wake kwenda kuwaokoa watu wa Titanic. Nimekula chumvi nyingi katika chumba cha injini, na hesabu hii haijawahi kuniingia akilini.

Simu ya upepo, yaani telegrafu isiyo na waya, ya Titanic kuomba msaada iliingia yapata saa sita na dakika 25 usiku. Harold Cottam, mpokea simu wa Carpathia, kijana wa miaka 21, alikuwa anavua nguo akalale, vifaa vya kusikilizia vikiwa bado masikioni. Akakimbia kwa afisa wa zamu, wakaingia wote wawili chumbani kwa Nahodha Arthur Rostron aliyekuwa amelala. Rostron aliamuru kwanza meli igeuzwe, ndipo akamuuliza kijana kama ana hakika na alichosikia.

Kisha akafunga mvuke wa kupasha joto vyumba na maji ya abiria. Watu wa meli za mvuke wataelewa mara moja: boila zinatoa kiasi kilekile, kwa hiyo kila unachowanyima abiria kinakwenda kwenye silinda. Wachochea moto waliokuwa mapumzikoni waliamshwa, makaa yakaongezwa. Kwa njia hiyo meli hupata noti moja, pengine zaidi kidogo. Tatu kwa injini ya umri ule? Hapana.

Noti 17 zilitoka wapi basi? Titanic ilitangaza mahali ilipo, Rostron akapima maili 58 za baharini. Alilikuta boti la kwanza la manusura wa Titanic kama saa kumi alfajiri. Gawanya 58 kwa saa tatu na nusu, utapata karibu 17. Lakini mabaki ya Titanic yalipogunduliwa mwaka 1985, yalikuwa yapata maili 13 kutoka mahali palipotangazwa, upande wa mashariki na kusini kidogo, na Carpathia ilikuwa inatokea kusini mashariki. Iliyakuta maboti kabla ya kufika ilikokuwa inaelekea. Hesabu ya Rostron ilikuwa sahihi. Mahali alipopewa ndipo palipokosewa.

Simpunguzii sifa hata chembe. Sifa yake naiona katika zile saa tatu na nusu. Madaktari watatu waligawanywa, kila mmoja na ukumbi wake wa chakula. Supu, chai na kahawa vikawekwa motoni, mablanketi yakasogezwa karibu na milango. Maboti ya meli yenyewe yakaning'inizwa nje, tayari kushushwa. Milango ya ubavuni ikafunguliwa, taa zikaning'inizwa juu yake, na ngazi za kamba zikateremshwa. Viti vya kamba viliandaliwa kwa wagonjwa na majeruhi. Na watoto? Mtoto aliyeganda kwa baridi hawezi kushika ngazi. Rostron aliagiza mifuko ya turubai, ile ya kubebea majivu ya makaa, itumike kuwapandishia. Mimi nimeishika mifuko ya namna hiyo. Ni migumu, haipendezi, na haipasuki. Mtu anayewaza mfuko wa majivu wakati huohuo anakwepa milima ya barafu gizani, huyo ni baharia.

Boti la mwisho lilifika saa mbili na nusu asubuhi. Watu zaidi ya 700 walipandishwa, wakafikishwa New York usiku wa Aprili 18.

Carpathia yenyewe ilizamishwa Julai 17, 1918, kusini ya Ireland, kwa torpido tatu za nyambizi ya Kijerumani U-55. Abiria wote walinusurika. Waliokufa walikuwa watano, na wote ni watu wa makaa: wachochea moto watatu na wabeba makaa wawili.