Craic sio neno la kale la Kiayalandi, jamani

Kila nikianza darasa jipya la Kiayalandi lazima atokee mtu wa kuniambia "mwalimu, mi neno moja tayari nalijua, craic, lile la kale la Wakelti." (Wakelti ni wale watu wa kale wa Ulaya, na craic ni ile raha ya watu kukaa pamoja na kupiga soga.) Wengine ni ndugu zetu kabisa, wamekaa Dublin miaka, wameliona ukutani kwenye baa kwa zile herufi za mikunjo mikunjo basi wanajua lina miaka elfu. Nimechoka kulisema mdomoni, leo naandika.

DHANA: craic ni neno la asili la Kiayalandi.

UKWELI: ni la kukopa, tena limekopwa juzi tu. Mzizi wake ni crack ya Kiingereza, kitenzi cha zamani sana cha kutoa mlio wa kitu kinachopasuka, baadaye likaanza kutumika kwa maneno ya kelele na majigambo, na huko kaskazini mwa Uingereza na Uskoti likatulia kwenye maana ya soga, stori, habari za mtaani. Robert Burns, mshairi wa Uskoti, analo kwenye shairi lake moja la 1785, watu wamekaa jioni wanapiga soga huku wanafuma soksi. Ukivuka bahari kidogo tu kutoka Uskoti umefika Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, ambako Waskoti walihamia kwa wingi karne ya 17, na ndo huko neno likakaa kwenye Kiingereza cha watu wa kawaida, likiandikwa crack, halafu karne ya 20 likashuka kusini.

Sasa hii tahajia ya craic mnayoiabudu imeanza kuonekana kwenye Kiayalandi miaka ya 1960 hivi, na kilichoitangaza ni televisheni. Kulikuwa na kipindi cha maongezi RTÉ, shirika la utangazaji la taifa la Ayalandi, kinaitwa SBB ina Shuí, kuanzia 1976 hadi 1982, mtangazaji Seán Bán Breathnach alikuwa na msemo wake "Beidh ceol, caint agus craic againn", yaani tutakuwa na muziki, maongezi na craic. Ukaja utitiri wa baa za Kiayalandi dunia nzima, kila moja inataka neno la kuvutia watalii, basi uzee wote wa tahajia hiyo ni huo. Diarmaid Ó Muirithe, aliyekuwa na safu ya maneno kwenye gazeti la The Irish Times, alikuwa anakereka kweli kweli kuona crack inavalishwa nguo za Kiayalandi ndani ya sentensi za Kiingereza.

Ila mkishasikia hivyo mnarukia upande wa pili, "kumbe feki!" Feki nini? Kitabu ni neno la Kiarabu, tumelichukua, tukaiona ile ki- ya mbele tukasema hii ni ngeli yetu, tukatoa vitabu, na hakuna Mswahili anayelala njaa kwa sababu hiyo. Waayalandi wamefanya hivyo hivyo. K haimo kwenye herufi zao 18 za jadi, kwa hiyo wameweka c, na ile i kabla yake si pambo, inakuonyesha kwamba c ya mwisho ni ile nyembamba, yaani unaitamka ulimi umeinuka kuelekea kaakaa kama unataka kusema i. Kisha wakalipa jinsia, ni la kike, na hapo ndo mnaponiua maana mnaniandikia "an craic" kila siku. Nomino ya kike ikifuata an, ambayo ni kama the ya Kiingereza, inalainika mwanzoni, yaani inaongezwa h, ni an chraic, na hiyo ch ni kh ya Khamis, sio ch ya chai. Mzungumzaji wa ulimi na ndimi hana haki ya kushangaa neno kubadilika mbele! Kivumishi nacho kinalainika, craic mhaith, craic nzuri, ukitaka ya kumiliki, yaani "ya craic", ni na craice, ukitaka kusifia zaidi, an- yenye kistari ni nyingine, maana yake sana, bhí an-chraic againn, tulifurahi kwelikweli. Usikariri neno peke yake, kariri na an yake, nitasema mpaka nife.

DHANA: craic ni pombe. Hapana. Mezani inaweza kuwepo chai tupu na craic ikawa ya kutosha, kinachohitajika ni watu na maneno.

DHANA: mtu akikuuliza "any craic?" anatafuta unga. Crack ya madawa ni jina la miaka ya 1980, hii ya soga ilikuwepo karne na karne. Anakuuliza habari gani, mjibu nzuri tu upite.

DHANA: Kiayalandi ni Kiingereza chenye lafudhi. Hii siijibu hata, kitenzi kinakaa mwanzo wa sentensi na "nina" yenyewe hawana, wanasema kitu kipo kwangu, tá leabhar agam, nina kitabu.

Na kama shida yenu ni kupata neno la Kiayalandi la kutambia, mnaliacha whiskey hapo hapo baa! Hilo ndo lao kweli, uisce beatha, maji ya uhai, Waingereza wakachukua nusu ya mbele tu. Au galore, ni go leor, kibao, tele. Hayo tambieni mnavyotaka.