Acheni kumwaga maji ya kijani

Nimetumiwa tena picha wasapu, bwawa la perege huko juu Marangu limekaushwa lote, na maelezo chini yake, "mtaalam maji yalichafuka yakawa kijani nimemwaga nimeweka masafi ya mfongo", yaani ule mfereji unaoshusha maji ya mlimani. Masafi mpaka unaona tope la chini! Kaka, umemwaga chakula, na kesho utashuka Moshi mjini kununua pumba na dagaa.

Kile kijani ni fitoplanktoni, yaani mwani mdogomdogo, perege anauchuja anakula, na mchana ndio unaotoa oksijeni nyingi bwawani. Zooplanktoni, yaani vijidudu vidogovidogo vya majini, wanakula mwani, vifaranga wanakula zooplanktoni, hayo mnayajua siyarudii.

Halafu na huo mfongo wenu unaopita bwawani usiku na mchana, unasomba planktoni zote na maji yenyewe yametoka mlimani ya baridi. Perege anataka nyuzi 25 mpaka 30, zikishuka chini ya 20 hata kula anasusa. Maji meupe ya kukimbia ni ya trauti, samaki wa maji baridi. Ziba mfereji, fungua tu kufidia yaliyopungua.

Sasa wanaonichosha zaidi ni wale walioelewa nusu, wakisikia kijani kizuri basi kijani chochote twende. Hapana jamani. Mwani wa kijani wenyewe umetawanyika kwenye maji yote, chota kwenye glasi utaona. Ila ukikuta utando juu kama rangi ya ukuta imemwagika, upepo umeusukumia kona moja, unanuka, hizo mara nyingi ni sayanobakteria kina Microcystis, na kwenye uainishaji hawa wala sio mwani, ni bakteria wanaojipikia chakula kwa jua, wana vifuko vya gesi ndani ndo maana wanaelea. Najua kuna mtu wa Arusha ataniambia mbona flamingo wa maziwa ya Momela wanaishi kwa sayanobakteria. Ni kweli, wanakula Arthrospira, ile ile inayouzwa madukani kwa jina la spirulina, ila hiyo inapenda maji ya magadi, na usalama wake haumsafishi Microcystis. Hata sato anaweza kumeng'enya sayanobakteria, asidi ya tumbo lake ni kali balaa. Shida ni kwamba kuna Microcystis wanaotoa sumu inayoshambulia ini na kuna wasiotoa, na kwenye hadubini huwatofautishi. Kitabuni utaona picha moja na jina chini, unadhani kazi imeisha, lakini mimi mwenyewe ukiniletea chupa ya maji nitakwambia ni Microcystis, kama ana sumu sikwambii kwa macho mpaka yapimwe maabara.

Kipimo cha kijani: zamisha sahani nyeupe, ipotee kwenye sentimita 30 hivi. Ikipotea kwenye 15 simamisha samadi unayorutubishia bwawa na punguza sehemu ya maji, sehemu nimesema sio yote. Ukiuacha hivyo, usiku huo mwani nao unavuta oksijeni na alfajiri utakuta samaki wote wako juu wanahema. Na masika msijidanganye, sahani inapotea kwa sababu ya udongo mwekundu, hapo hakuna chakula.

Azolla mnayoniuliza kila siku, ule mmea mdogo unaoelea juu ya maji, ni jamii ya kangaga, haihusiani na mwani kabisa. Ikifunika bwawa jua haliingii na planktoni wanakufa, kwa hiyo ivue, wape bata.