Kukariri na Kufikiri: Dhana Potofu Tunazobebeshana Tanga

Dhana: anayekariri hafikiri.

Siku hizi hapa Tanga mzazi akitaka kuonekana wa kisasa hujigamba kwamba shule anayosoma mwanawe "hawakaririshi". Maneno matamu, lakini nusu yake si kweli. Akili ya binadamu haishiki mambo mengi mapya kwa mpigo. Watafiti wengi huyakadiria kuwa manne hivi. Mtoto asiyejua 7 mara 8 kwa kichwa, akifika kwenye hesabu za sehemu nguvu zote zinaishia vidoleni, na swali lenyewe linampita.

Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon wa Marekani waliwaonyesha wachezaji wa sataranji ubao kwa sekunde chache tu. Bingwa alizipanga upya kete nyingi kwa kumbukumbu, anayejifunza akapata chache. Kete zilipotawanywa ovyo, bingwa naye akawa kama wenzake. Uwezo wake wa kuona mbali ulikuwa umesimama juu ya mipangilio aliyoihifadhi kwa miaka.

Wapenda mashairi wa pwani hawahitaji kuambiwa hilo. Katika malumbano, hoja yako inatakiwa ikae ndani ya vina na mizani 16 za mshororo. Anayeanza kutafuta msamiati zamu yake ikiwa imeshafika, atanyukwa.

Dhana: akiitaja fasili, ameelewa.

Hii ndiyo inayotumaliza. Muulize kijana wa sekondari osmosisi, yaani mwendo wa maji kupita utando wa seli, ni nini, ataitiririsha kwa Kiingereza bila kupumua. Sasa mwite jikoni, mama anatengeneza kachumbari: vitunguu vimekatwa, vimenyunyiziwa chumvi, na baada ya muda bakuli lina maji chini. Muulize maji yametoka wapi. Wengi hukodoa macho. Hayakuwemo kwenye noti! Ilhali jibu ni hilo hilo alilotoka kulitiririsha: chumvi imeyavuta maji kutoka kwenye seli za kitunguu.

Msikimbilie kumwita mvivu, wala mwalimu wake. Amesoma msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yakageuka Kiingereza. Asiyeielewa sentensi huimeza nzima, maana mtihani unakuja uelewe usielewe. Kwa maoni yangu, lugha inazalisha kasuku wengi kuliko uzembe.

Dhana: soma noti mara kumi, zitaingia.

Zitaingia, kisha zitoke. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwalinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na waliofunika makala wakajaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki wakaachwa mbali. Funika daftari, jiulize, ndipo ufunue.

Dhana: kufikiri huru ni kumbishia mwalimu.

Mfano mzuri tunao mkoani kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule juu Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa finyu, Mpemba akahofia kuikosa, akasukumiza yake ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi yake yalikuwa yameganda; ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa, bado uji mzito.

Alipouliza sababu akaambiwa na mwalimu amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na darasa likapata utani wa kumtania. Tazama alichofanya. Hakugomba. Alikuta maabara ya biolojia iko wazi, akachukua vikombe viwili, kimoja maji ya bomba na kingine ya moto, akaviweka kwenye friji ajionee mwenyewe. Kisha Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipotembelea shule, Mpemba akamuuliza swali lile lile mbele ya wote.

Osborne naye hakuamini, ila alimwagiza fundi wake ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba ya moto yametangulia kuganda, na kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. (Nacheka kila nikikumbuka: hata maabara ya chuo ilikuwa na majibu ya kukariri.) Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja, na jambo hilo likachukua jina la Mpemba duniani kote.

Na Mpemba hakuuliza bila kusoma. Alipouliza tena kule Mkwawa, darasa lilikuwa linafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, inayosema kasi ya kupoa hutegemea kitu kimezidi joto la mazingira yake kwa kiasi gani. Kwa maoni yangu, kuijua kuliupa uzito swali lake.

Dhana: basi Mpemba alikuwa sahihi, mjadala umekwisha.

Haujaisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipima upya na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha. Wengine wanaendelea kuitafuta sababu. Mwalimu mwenye friji na vikombe viwili anaweza kuwapa wanafunzi wake wajaribu wiki hii.