Kompyuta ya mwanafunzi wa udaktari wa mifugo: anza na zizi, darasa litafuata

Kila msimu wa ununuzi unapofika, kamati huniletea jedwali lenye safu tatu: kichakataji, kumbukumbu, bei. Hakuna safu ya mavi. Sisemi hivyo kwa mzaha. Kazi yangu ni kusimamia kompyuta za kitivo cha udaktari wa mifugo, na nikipokea mashine iliyokufa kabla ya wakati wake, mara nyingi nikifungua kifuniko cha chini nakuta feni imesokotwa na manyoya, vumbi la majani makavu na kitu ambacho ni afadhali nisikitaje.

Laptopu ya mwanafunzi wa sheria huishi juu ya meza. Ya mwanafunzi wetu asubuhi iko ukumbini, mchana iko nyuma ya gari la kliniki ya shambani katikati ya sindano na kamba, usiku iko kitandani bwenini. Ukiinunua na kuilinda kwa kufikiria ukumbi peke yake, sehemu mbili zilizobaki zitakusuta. Kwa hiyo mimi huanzia zizini, nikarudi nyuma kuelekea darasani.

Kabla ya kuingia zizini, tumalize nguvu ya mashine, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Watu hudhani masomo haya yanadai kichakataji cha juu kabisa kwa sababu ya picha kubwa. Picha ni kubwa kweli. Chukua slaidi moja ya histolojia (somo la tishu chini ya hadubini) iliyopigwa skani kwa ukaribu wa mikromita 0.25 kwa kila pikseli. Kipande cha tishu chenye urefu wa milimita 20 na upana wa 15 kinatoa picha ya pikseli 80,000 kwa 60,000, yaani pikseli bilioni 4.8. Kila pikseli ya rangi ikichukua baiti 3, hiyo ni gigabaiti 14.4 kabla ya kubanwa. Lakini mwanafunzi haifungui yote kwa pamoja. Seva ya slaidi humpa vigae vidogovidogo vya sehemu anayoitazama tu, kama hadubini inavyoonyesha uwanja mmoja kwa wakati. Anachohitaji ni mtandao usiokatika na skrini nzuri, si injini ya kutisha.

Picha za CT, yaani eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande, ni habari nyingine kidogo. Kipande kimoja cha pikseli 512 kwa 512, baiti 2 kila pikseli, ni nusu megabaiti. Mbwa mmoja akitoa vipande 600, umefika megabaiti 300, na programu inayovijenga kuwa umbo la pande tatu itavipakia vyote kwenye kumbukumbu. Ongeza kivinjari chenye vichupo ishirini (hakuna mwanafunzi anayefunga kichupo), na utaona kwa nini siyumbi kwenye gigabaiti 16 za kumbukumbu, huku kwenye kichakataji nikikubali cha kati bila ubishi.

Skrini ndiyo inayopuuzwa. Faili ya eksirei ya kidijitali kwa kawaida hubeba viwango vya kijivu 4,096 au zaidi. Skrini ya laptopu ya kawaida huonyesha 256 kwa wakati mmoja. Tofauti hiyo huzibwa na programu yenyewe, mwanafunzi akijifunza kusogeza kiwango cha mwanga na ukali ili aone mfupa kwanza, kisha pafu. Ila hakuna programu itakayookoa skrini ya bei ya chini ambayo weusi wake hugeuka kijivu ukiinamisha kichwa kidogo. Wanafunzi wawili waliokaa bega kwa bega mbele ya skrini kama hiyo wanaona mapafu mawili tofauti. Mimi hukubali kupunguza nafasi ya diski ili nipate skrini inayobaki vilevile ukiitazama pembeni.

Jambo moja la kupita haraka: kabla ya kuagiza, pata mashine moja ya majaribio, uendeshe juu yake programu ya mitihani inayotumika chuoni. Programu hizo zinazofunga kompyuta nzima wakati wa mtihani huwa na ubaguzi, na baadhi hazikubali aina fulani za vichakataji. Usigundue hilo siku ya mtihani wa famakolojia.

Sasa tuingie zizini. Ukiniuliza ulinzi wa kompyuta kwa kitivo hiki unaanzia wapi, nitakujibu: unaanzia kwenye kibodi, na adui wa kwanza hana hata akaunti. Virusi vya parvo vya mbwa havina utando wa mafuta kwa nje, kwa hiyo alkoholi ambayo kila mtu huifutia kompyuta yake haiwezi kutegemewa kuviua. Vinaweza kudumu kwenye mazingira kwa miezi mingi. Dawa ya klorini huviua, lakini hiyohiyo hula chuma, hufifisha herufi na kuharibu skrini. Umebanwa pande zote mbili: kinachoua kirusi kinaua kompyuta, na kinachoihurumia kompyuta kinamhurumia kirusi.

Uamuzi wangu ni kwamba laptopu binafsi haiingii wodi ya kutengwa wala chumba cha kupasulia mizoga. Haiingii hata ikiwa imevishwa kifuko. Ndani ya vyumba hivyo kunakaa mashine moja ya kudumu, yenye kibodi ya silikoni inayovuliwa na kuoshwa kwa dawa kali, nayo haitoki. Mwanafunzi anaandika huko, anafungua kazi yake nje. Kwa kliniki ya kawaida na shambani, kitambaa chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 kinatosha kwa vijidudu vingi na watengenezaji wengi hukiruhusu, mradi mashine imezimwa na dawa haipuliziwi moja kwa moja juu yake. Na ukipata mashine isiyo na feni kwa nguvu inayotosha, ichukue. Feni ni pua; huvuta kila kilichopo hewani, ikiwemo mbegu za ugonjwa wa choa kwenye manyoya ya ndama.

Kutoka hapo ndipo naingia kwenye kufuli za kompyuta, na zizi bado linanifuata. Sera nyingi za usalama husema: skrini ijifunge baada ya dakika chache, nywila iwe ndefu, au tumia alama ya kidole. Zote ni nzuri mpaka uvae glavu. Kisomaji cha alama za vidole hakimjui mtu aliyevaa glavu ya lateksi, na mwanafunzi aliyeingiza mkono mmoja kwenye njia ya uzazi ya ng'ombe hawezi kuchapa herufi 16 kwa mkono wa pili. Atafanya nini? Atazima kufuli. Au ataacha kompyuta wazi juu ya boneti ya gari mchana kutwa. Huyo si mkaidi. Kosa ni la sera iliyoandikwa na mtu ambaye hajawahi kufika alipo yeye.

Suluhisho ninalolipendekeza ni namba ya siri ya tarakimu sita inayolindwa na TPM, chipu ya usalama iliyo ndani ya mashine yenyewe. Watu hushtuka: fupi hivyo? Ndiyo, kwa sababu namba hiyo haifanyi kazi kwenye kompyuta nyingine yoyote, na chipu hujifunga yenyewe mtu akikosea mara nyingi mfululizo. Nywila ndefu inabaki kwa akaunti ya chuo inayofikiwa kupitia intaneti, pamoja na uthibitishaji wa hatua mbili. Tarakimu sita hupigika hata kwa glavu.

Diski isimbwe yote, yaani data yake isisomeke bila ufunguo, tena kabla mashine haijatoka mkononi mwako. Windows ina BitLocker, Mac ina FileVault. Hakuna haja ya kununua kingine. Ukimwachia mwanafunzi aiwashe mwenyewe, wengine wataiwasha, wengine hawatakumbuka, na wachache wataihifadhi karatasi ya ufunguo wa kurejesha ndani ya mkoba uleule wa laptopu. Funguo hizo zihifadhiwe na chuo, na ujaribu kuitafuta moja kabla hujaihitaji. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa kuwa milioni 8.5 duniani. Nyingi zilitaka ufunguo wa BitLocker ndipo zikubali kutengenezwa, na kuna mafundi waliokuta funguo zao zimehifadhiwa kwenye seva ambayo nayo ilikuwa imeanguka. Tangu hapo nakala yangu ya pili ya funguo inakaa nje ya mfumo ule, mahali pakavu penye kufuli.

Kwa nini usimbaji huu una uzito kwa wanafunzi wa mifugo, wakati mgonjwa wao hana siri? Mgonjwa hana, mwenye mgonjwa anazo. Rekodi ya kliniki ina jina la mteja, simu, mahali anapoishi, na pengine kwamba kaya nzima itasafiri wiki ijayo na mbwa wa ulinzi atalazwa kwetu. Mwizi angependa nini zaidi? Kuna pia kumbukumbu za ketamini na pentobabitali, dawa za usingizi zinazotafutwa na watu wasio na mgonjwa wowote.

Uvujaji ninaoukuta zaidi hautokani na wizi, unatokana na wema wa kusoma. Mwanafunzi anapenda picha ya eksirei ya nyonga, anaihifadhi ili aiweke kwenye wasilisho lake. Anafuta jina lililoandikwa pembeni, anaridhika. Lakini faili ya DICOM, kiwango kinachotumiwa kuhifadhi picha za tiba, hubeba maelezo ndani yake ambayo hayaonekani kwenye picha, na kiwango hicho kina sehemu mahususi ya kuandika mtu anayewajibika kwa mgonjwa, ambaye kwa mnyama huwa ni mmiliki. Jina limefutwa usoni, limebaki tumboni. Hali kadhalika namba ya chipu ya utambulisho wa mnyama yenye tarakimu 15: kwa msomaji wa kawaida ni tarakimu tu, kwa mwenye kufikia kanzidata ya usajili ni anwani. Kwa hiyo kwenye kila mashine naweka programu ya kusafisha maelezo hayo, na njia ya mkato yake inakaa wazi kwenye skrini. Kitufe kilichofichwa ndani ya menyu tatu hakuna atakayekibonyeza.

Suala la kufuatilia mashine zilizoibwa hunigawanya na wenzangu. Mfumo wa kusimamia vifaa kutoka mbali unaweza kufunga kompyuta, kuifuta, kuonyesha ilipo. Kufunga na kufuta naunga mkono bila masharti, kwa mashine ambayo ni mali ya chuo. Kuwasha kamera, hapana. Mwaka 2010 wilaya ya shule ya Lower Merion, Pennsylvania, Marekani, ilishtakiwa kwa sababu programu ya kutafuta laptopu zilizoibwa ilipiga picha wanafunzi wakiwa nyumbani kwao. Yalipatikana maelfu ya picha, na kesi ikaisha kwa malipo ya dola 610,000. Hakuna laptopu yenye thamani hiyo. Waambie wanafunzi kwa maandishi, siku ya makabidhiano, unachoweza kuona na usichoweza, na kisichohitajika kizime kabisa ili hata wewe usishawishike. Na kama mashine ni zawadi, imekuwa yake, basi ondoa mkono wako humo. Linda akaunti na data ya kliniki, siyo kifaa.

Masasisho hayana mjadala. Kirusi cha kompyuta kiitwacho WannaCry kilienea tarehe 12 Mei 2017 kwa kupitia upenyo ambao Microsoft ilikuwa imeuziba tangu Machi mwaka huohuo. Kwetu ugumu ni kwamba mwanafunzi aliye kwenye mafunzo ya vitendo maeneo ya mbali anaweza kukaa majuma bila mtandao wa maana, kisha akirudi kompyuta inaanza kupakua kila kitu saa moja kabla ya mtihani. Ninazuia masasisho kuanza wakati wa mitihani na kuyalazimisha siku ya kwanza baada yake. Nakala rudufu vilevile zijifanye zenyewe kwenda seva ya chuo kila mtandao unapopatikana. Flashi nazizuia kwenye mashine za kliniki zinazounganishwa na vifaa vya ultrasaundi, kwa kuwa vifaa hivyo mara nyingi huendeshwa na mifumo ya zamani isiyosasishwa tena, na flashi ya mwanafunzi hupitia mahali pengi.

Weka akiba. Bila mashine chache za kuazima zilizokwisha kuandaliwa kikamilifu, ulinzi wote huvunjika siku laptopu ya mtu inapokanyagwa na farasi: ataazima ya rafiki, ataingia kwa akaunti yake, atapakua rekodi za wagonjwa wake, na atasahau kutoka. Mashine ya kuazima ijifute yenyewe kila inaporudishwa.

Mwanafunzi anapohitimu, kazi hubaki nusu. Kwenye diski za kisasa kufuta faili moja moja hakutoshi, maana diski huandika data mahali inapotaka yenyewe na kuacha mabaki. Kama ulisimba tangu siku ya kwanza, unaharibu ufunguo wa usimbaji na kilichobaki ni fujo isiyosomeka. Ni kazi ya dakika chache. Kabla ya hapo mpe mhitimu nafasi ya kuchukua madaftari yake na kesi zilizosafishwa majina. Kagua betri: ikiwa imevimba na kifuniko kimeinuka, usiichaji wala usiitoboe, itenge mbali na vinavyoshika moto hadi ipelekwe kwa wanaoshughulika na taka za betri. Kisha ivue mashine kibodi, uisafishe chini yake, ndipo umkabidhi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.